Vijiti Sita vya Riyama

Bi Mwanakheir alikuja mjini kutoka kisiwani Tumbatu kufunga Ramadhani kwa mwanawe Makungu, na mwezi ulipofika katikati aliona jambo lililomkosesha raha. Asubuhi, alipokwenda chooni kutawadha, alimkuta mkaza mwanawe, Riyama, ameinamia beseni anafua vitambaa vya damu. Hilo halikuwa ajabu. Wanawake ndivyo walivyoumbwa. Ajabu ilikuja adhuhuri, alipomwona Riyama yule yule amejitanda kanga, amesimama juu ya msala anasali. Na adhana ya magharibi ilipoadhiniwa akamwona anafungua kwa tende na maji, kama mtu aliyeshinda na saumu yake.

Kwanza alijiambia labda ameona vibaya. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufanya ukungu. Siku ya pili akaona vitambaa tena, na msala tena. Siku ya tatu hakuweza tena kustahamili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akangoja mpaka Riyama atoe salamu kulia na kushoto.

"Riyama."

"Naam, mama."

"Una damu, au huna?"

Riyama alikunja msala taratibu. "Nnayo, mama."

"Una damu na unasali. Una damu na umefunga. Mwanangu, unamchezea nani?"

Miezi kadhaa sasa Riyama alikuwa amezoea kusema vijiuongo vidogo vidogo. Akiulizwa na majirani kwa nini siku hizi havai gauni la mikono mifupi, husema mbu. Akiulizwa kwa nini mwanawe wa mwisho, Shaima, ameshaanza kukimbia na hajapata mdogo wake, husema Mungu hajajaalia. Lakini alikuwa ametoka kusali, tena Ramadhani, na uongo ulikataa kutoka. Alieleza kuwa damu ile si ya mwezi. Ya mwezi huijua siku zake, na zikija hasali wala hafungi. Hii ilikuwa inakuja na kuondoka bila mpango, na Bi Hamda, anayesomesha wanawake hapo hapo mtaani kwao, Malindi, alimwambia ni istihadha, damu ya ugonjwa. Ajisafishe, atie udhu kwa kila sala, asali na afunge kama kawaida.

Bi Mwanakheir alisoma chuo cha Kurani utotoni mwake na mlango huo wa twahara aliujua. Hakubisha. Aliuliza tu, "Na ugonjwa wenyewe ni upi?"

Riyama akapandisha mkono wa gauni hadi karibu na kwapa. Ndani ya mkono, chini ya ngozi, vilionekana vijiti sita vyembamba mfano wa njiti za kibiriti, vimepangwa kama upepeo.

"Ni vya kuzuia mimba, mama. Vinakaa miaka mitano. Wameniambia mwaka wa mwanzo damu huvurugika, halafu hutulia."

Bibi alinyoosha kidole, akagusa kimoja, kikamponyoka chini ya ngozi. Akaurudisha mkono wake haraka na kuufuta kwenye kanga.

"Makungu anajua?"

Hapo ndipo Riyama alipofanya kosa, kama lilikuwa kosa. Angeweza kusema anajua, yakaisha. Lakini aliona si adabu kumsemea mume mbele ya mama yake mzazi, tena jambo la chumbani. Aliamini pia kuwa Makungu atalisema vizuri zaidi, kwa lugha yao wenyewe ya Tumbatu, mama na mwana.

"Muulize mwenyewe, mama," alijibu.

Bi Mwanakheir akachukulia kwamba hajui.

* * *

Hakumuuliza Makungu peke yake. Alimwita kwanza mwanawe mkubwa, Msabah, anayekaa Mtoni, aje wafuturu pamoja. Msabah alikuwa mtu wa maneno machache na ndevu zilizochanwa vizuri. Tangu baba yao alipofariki, shauri la ukoo halikukatwa bila yeye. Walikula mihogo ya nazi na samaki, wakanywa uji wa pilipili manga, watoto wakatumwa chini kucheza. Riyama alikwenda upande wa pili wa pazia kuchemsha kahawa. Nyumba ilikuwa chumba na ukumbi katika jumba moja la zamani, na pazia halizuii neno.

Alimsikia mama mkwe anasimulia yote: damu, msala, vijiti. Alisimulia bila kuongeza chumvi, na hilo Riyama hakuweza kumlaumu. Kisha sauti ya bibi ikageuka.

"Sasa nataka kujua jambo moja, Makungu. Mwanamke huyu kajifunga kizazi mwenyewe, au nyinyi nyote wawili mmekaa mkashauriana, mkaniacha mimi nakuombeeni watoto kila nikisujudu? Kwa sababu kama wewe ulijua, ukanyamaza, basi mimi sina radhi nawe."

Makungu alikuwa hamali bandarini. Alikuwa mtu wa kubeba gunia la sukari begani na lingine akalikumbatia, na wenzake walimwogopa akikasirika. Kabla hajajibu, kahawa ikaanza kuchemka na kumwagika, Riyama akaiepua kwa mkono mtupu bila kusikia moto.

"Sikujua, mama," alisema Makungu.

Riyama alipanga vikombe kwenye sinia, akamimina kahawa, akapita pazia nayo. Alimpa Msabah kwanza, kisha mama mkwe, kisha mumewe. Makungu alipokea kikombe bila kuinua macho. Hakikutetereka kikombe hata kimoja kwenye sinia, na baadaye Riyama mwenyewe alistaajabu aliwezaje.

Msabah aliweka hukumu yake kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko ukali. Alisema mke kufunga kizazi bila ya idhini ya mumewe ni jambo ambalo wengine wangetolea talaka. Lakini huu ni mwezi mtukufu na watoto wapo watano, basi lisifikishwe huko. Sikukuu ikipita, mama ampeleke Riyama huko huko alikovitia, vitolewe, na maneno yaishe ndani ya kuta hizi.

"Una la kusema, shemeji?" aliuliza.

Riyama alimtazama Makungu. Alimtazama muda wa kutosha, kila mtu akaona kuwa anamtazama. Makungu alikuwa anazungusha kikombe kitupu mkononi.

"Sina," alisema Riyama.

* * *

Walipobaki wawili, Makungu ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini kwa kuwa mama yake alikuwa amelala ukumbini. Alisema angesemaje, naye kasikia mwenyewe radhi zimetajwa. Mtu asiye na radhi ya mama huenda wapi duniani? Hata kazini, winchi zile zinapita juu ya kichwa kutwa nzima. Mtu hatoki nyumbani na laana.

Riyama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alimuuliza kama anakumbuka alichomwambia wodini, alipozaliwa Shaima.

Makungu alikumbuka. Haikuwa rahisi kusahau. Damu ilimwagika mpaka daktari akawa anapiga kelele korido nzima. Makungu akatoa yake, akarudi bandarini mbio kuwaleta wenzake watatu nao watoe. Alfajiri Riyama alipofumbua macho, mumewe alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa kitanda, bado na nguo za kazi. Alimwambia kwamba watoto watano wanatosha, na kwamba mtoto wa sita kwa roho ya mama yao yeye hamtaki. Mama yake Tumbatu alipelekewa salamu tu: mtoto mzima, mama mzima, alhamdulillahi. Hawakutaka kumtia wasiwasi mtu mzima. Vidonge Riyama alivijaribu, vikamtapisha. Ndipo waliposhauriana juu ya vijiti, wakaenda pamoja.

"Nakumbuka," alisema Makungu. "Sijayakana maneno yangu. Nnachosema, ngoja Sikukuu ipite. Vitoe, mama afurahi, arudi zake Tumbatu. Mwezi mmoja, miwili, unakwenda kuvitia tena. Nani atajua?"

"Makungu," alisema Riyama, "mkono huu si mlango, wa kufunguliwa akija mgeni na kufungwa akiondoka."

Akageukia ukutani. Makungu alikaa macho. Mwisho usingizi ukamchukua, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umechoka kweli.

* * *

Siku zilizobaki za Ramadhani zilikuwa ndefu. Bi Mwanakheir hakugombana. Alinunua jiko lake la mkaa, akalitia kwenye roshani, akawa anapika futari yake mwenyewe. Akiulizwa na watoto, aliwaambia tumbo lake siku hizi linataka vyakula laini. Jioni mkeka ulitandikwa mmoja na sahani zikawa mbili: ya Riyama na ya bibi. Makungu akawa anakula kwa kuruka, tonge hapa na tonge pale, kama mtu anayevuka kinamasi, na watoto wakamtazama.

Riyama alijiambia hatojali, lakini alijali. Alipika mikate ya kumimina, chakula anachosifiwa mtaa mzima, akaona mama mkwe anaipitisha sahani kwa watoto bila kumega. Maneno nayo hayakuisha ndani ya kuta kama alivyotaka Msabah. Mke wa Msabah alisema kwa mtu mmoja, na mmoja akatosha. Bombani, kwenye uwanja wa chini, wanawake walimpisha Riyama ateke maji kwanza, adabu ambayo hawakuwa nayo kabla, na akishageuka na ndoo yake sauti zilishuka. Mmoja alimuuliza, kwa huruma ya kutaka habari, kama ni kweli vitu hivyo hupanda mpaka kwenye moyo.

Hakutaja jina la mumewe kwa yeyote. Mama yake mwenyewe, Bi Mize, alipokuja kumtazama na kumwambia aseme kweli mbele ya watu ili asafike, Riyama alikataa. Kweli hiyo, alisema, ina mwenyewe. Akiitoa yeye, itakuwa neno lake na neno la mumewe, na katika nyumba ya watu neno la mkaza mwana ni jepesi. Bi Mize aliondoka amekasirika.

Kila jioni Makungu aliporudi, Riyama alimngoja aseme. Mara moja alimsikia anaanza, "Mama, lile jambo..." na bibi akajibu, "Lile jambo limekwisha, mwanangu, usijitie uchungu," na Makungu akashukuru kwa kukatizwa. Riyama aliiona shukrani hiyo usoni mwake kupitia pazia lililo wazi nusu, na ilimuuma kuliko ule uongo wa kwanza.

Sikukuu ikaja na ikapita. Watoto walivaa nguo mpya, wakaenda Mnazi Mmoja, wakarudi na vumbi. Wiki iliyofuata Bi Mwanakheir alivaa buibui lake jeusi la zamani, akasimama mlangoni.

"Haya, mwanangu. Twende."

* * *

Kituo kilikuwa na benchi refu lililojaa wanawake na watoto wachanga. Walikaa bega kwa bega, mkwe na mkaza mwana, na kwa mtu asiyewajua wangeonekana wanapendana. Zamu yao ilipofika, waliingia kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani, mbele ya nesi aitwaye Bi Lamya, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani.

Riyama alisema amekuja kuvitoa. Bi Lamya aliuliza sababu, kwa kuwa alitakiwa kuuliza: damu, au maumivu ya kichwa, au anataka mtoto? Kabla Riyama hajafungua mdomo, Bi Mwanakheir akajibu kwa niaba yake.

"Alivitia bila ya ruhusa ya mumewe. Nyinyi nanyi mkamtilia, bila kuuliza."

Bi Lamya akavua miwani. Si mara ya kwanza kulaumiwa na wakwe za watu, na jambo hilo lilikuwa linamkera. Alisema, kwa heshima lakini kwa ukali, kwamba hapo hawajapata kumtia mke wa mtu vijiti pasina mumewe kukubali. Ndivyo walivyoagizwa na wakubwa, wapende wasipende. "Na huyu namkumbuka vizuri, bibi. Mumewe alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia wewe. Bwana wa bandarini, mabega kama kabati. Nilipochukua sindano ya ganzi akaanguka, tukampepea na kumpa maji ya sukari. Chumba kizima tulicheka siku ile. Alipopata fahamu akaniuliza kama mkewe atapona, maana safari iliyopita alikaribia kumpoteza kwa damu, akatoa na yake mwenyewe. Ulikuwa hujui?"

Bi Mwanakheir alikitazama kiti alichokalia.

"Ni kweli?" alimuuliza mkaza mwanawe.

"Ni kweli, mama."

"Alikuja naye."

"Tulikuja pamoja."

"Na hiyo damu. Ulikaribia kufa?"

"Wanasema hivyo. Mimi mwenyewe sikuwa na habari ya kitu."

Bibi akamgeukia. "Na siku ile Msabah alipokuuliza una la kusema, kwa nini ulinyamaza? Umeniacha siku zote hizi nakuona muongo, naogopa chakula chako."

"Nilikuwa nnamngoja yeye aseme," alijibu Riyama.

Bi Lamya alikuwa ameshaanza kuandaa vifaa vyake kwenye sinia ya bati. Aliuliza aendelee au asiendelee, maana kuna watu nje wanangoja. Riyama alimtazama mama mkwe. Kwa mara ya kwanza aliona kuwa anayepaswa kujibu si yeye.

"Mimi jambo hili silipendi," alisema Bi Mwanakheir hatimaye, akizungumza na sinia kuliko na mtu. "Watoto ni riziki, na riziki haizibiwi mlango. Sitolipenda mpaka nakufa. Lakini simkati mwana wa watu mkono kwa uongo wa mwanangu." Akasimama, akalifunga buibui lake. "Twende nyumbani, Riyama."

Walipofika kwenye ngazi za nyumba, zilizo refu na zenye giza hata mchana, bibi alisimama katikati kupumua. Riyama akamshika kiwiko, naye akakubali kushikwa.

* * *

Alasiri Msabah aliitwa tena. Alipofika alimkuta mama yake amekaa juu ya mkeka amenyooka, na Riyama amekaa ubavuni pake, si nyuma ya pazia. Makungu aliporudi kutoka bandarini, na vumbi la saruji kwenye nyusi, aliwakuta wote watatu wanamngoja. Alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Kaa," alisema mama yake. "Siku ile nilikuuliza neno, ukanijibu. Leo nakuuliza tena lile lile. Msabah yupo, mkeo yupo. Ulijua, au hukujua?"

Makungu alimtazama Riyama. Alitaka kusoma usoni mwake kama amesemwa. Riyama hakumpa kitu cha kusoma. Angeweza kumsaidia kwa ishara ndogo ya kichwa, na moyo wake ulitaka, lakini alijizuia.

"Nilijua," alisema Makungu. Akaingia ndani, akakaa mkekani, akarudia. "Nilijua, mama. Nilikwenda naye. Mimi ndiye niliyesema watoto wanatosha. Nikaogopa."

Msabah aliinamisha kichwa, akapitisha vidole ndevuni. Alisema yeye alitoa hukumu juu ya neno aliloambiwa, na neno lilikuwa bovu. Akamgeukia Riyama, akamwambia shemeji amwie radhi. Lilikuwa jambo zito kwake, na alilisema harakaharaka akitazama dirishani, lakini alilisema.

Bi Mwanakheir alimwambia Makungu kwamba alimtisha kwa radhi, ni kweli, na mtu akitishwa hutafuta pa kujificha. "Lakini ulijificha nyuma ya mwanamke, mwanangu. Mwanamke uliyempa damu yako." Makungu alifunika uso kwa viganja vyake vya saruji, na hakuna aliyejua kama analia au anaona haya.

Siku ya pili bibi alirudi Tumbatu. Hakumkumbatia Riyama wakati wa kuagana, wala hakumwambia neno la kumliwaza juu ya vijiti. Alikuwa ameshasema havipendi, na hakuwa mtu wa kubadilika kwa usiku mmoja. Ila asubuhi, kabla ya kutoka, alikaa akanywa chai iliyopikwa na Riyama na akala chapati yake, moja na nusu, akaomba nyengine ya kufunga kwenye leso.

Makungu alimsindikiza mama yake mpaka alipopanda gari ya Mkokotoni, bandari ya kuvukia Tumbatu. Aliporudi, watoto wakubwa walikuwa wamekwenda skuli na Shaima amelala. Alimkuta Riyama anapepeta mchele. Akakaa mbele yake chini, akasema alichopaswa kusema zamani: kwamba amekosa, kwamba hana la kujitetea, na kama Riyama anataka kwenda kukaa kwa mama yake muda, yeye hatomzuia.

Riyama aliendelea kupepeta. Hasira yake ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imetulia tu, imekaa mahali pake, na alijua itakaa kwa muda. Lakini hakutaka kwenda popote. Nyumba ilikuwa yake, watoto wake, na mtu huyu, pamoja na woga wake wote, alikuwa wake vilevile.

"Nshakusamehe," alisema. "Kuogopa si dhambi, kila mtu anaogopa. Mimi kila nikimwona mtu ana mimba naogopa. Lakini siku nyengine ukiogopa, Makungu, njoo uogope upande wangu."

Makungu aliitikia kwa kichwa.

Riyama aliweka ungo chini, akamtazama. Hakutosheka na kichwa. Akamngoja, mpaka mumewe akafungua mdomo na kusema kwa sauti ya kusikika, "Nimesikia."